Boneti Baridi

Laki tatu na elfu kumi. Nimezihesabu kitandani mara tatu,
mlango nimeukomea, feni nimeizima zisipeperuke.
Ni kaimati za miaka minne, ni biriani za watu,
na ile tuktuk iliyonimwagia sufuria ya mchuzi njia ya Maweni,
bibi harusi akala wali mkavu, mimi nikala maneno.

Basi nataka gari. Si la kutambia.
La kubeba sufuria nane, na mimi wa tisa.

Fundi Mwaringa alinipa somo moja, bure,
mikono yake imo ndani ya injini ya mtu mwingine:
"Fika kabla ya saa mliyopatana.
Usisalimie mtu. Salimia boneti.
Ikiwa ya moto, geuka.
Gari lililopashwa alfajiri lina kikohozi cha usiku."

La kwanza lilikuwa Shela, jeupe, linang'aa kama jino la bandia.
Twalib, Kiswahili chake kimechovywa Kiitaliano:
"Bellissima, mama! La bibi mmoja wa Roma,
kanisani na kurudi, basi."
Nikaweka kiganja.
Lilikuwa na homa.
"Jua hilo," akasema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
jua lenyewe bado linanawa uso.

La pili, Kisumu Ndogo: boneti baridi kama mtungi,
injini ikashika kwa ufunguo mmoja, moyo wangu nao.
Husemwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi nilitandika kanga nikalala kabisa,
bega kwa bega na Mwaringa,
watoto wa mtaa wakituhesabia miguu minne.
Akagonga chesisi kwa spana: ti, ti, ti,
kisha: bwu.
Chumvi ya Malindi haina haraka. Inakula bati
kama mkwe anavyokula siku ya kwanza,
kidogo kidogo, akiangalia pembeni.
Kidole chake kikatokea upande wa pili.

Siku ile nililia nikikaanga.
Mafuta yana faida hiyo: moshi hubeba lawama.

La tatu sikulitafuta. Nilipeleka kaimati Ngala
kwa Bi Khaltuma, aliyetoka edani mwezi ule,
nikaliona bandani: Probox ya kijivu, bavu limebonyea,
kuku katamia chini ya tairi.
Ndani ya dashibodi, daftari la shule,
mwandiko wa marehemu, karani wa korti:

*Oili, kilomita 148,200.
Breki za mbele.
Fanbelti, Mombasa, ghali.
Nimegonga mnazi. Kosa langu.*

Nikasoma nimesimama mpaka ukurasa wa mwisho,
kama mtu aliyeshika barua isiyo yake.
Gari la kwanza kukiri kitu.

Akataka laki tatu na nusu. Nikataja mbili na sabini,
kwani kuna bima, kuna logibuku, kuna tairi mbili vipara,
na Mwaringa naye ana tumbo.
Akanyamaza. Kuku akanyamaza.
"Mbili na tisini. Lakini redio nabaki nayo.
Alikuwa akisikiliza habari humo, saa moja,
mlango wazi, mguu mmoja nje.
Namwita kula, haji."

Mwaringa aliing'oa kwa bisibisi, taratibu, kama atoaye mwiba,
akamkabidhi kwa mikono miwili, nyaya zikining'inia.

Sasa kwenye dashibodi pana shimo.
Naweka humo chenji, leso, na binzari siku za haraka.
Nikienda Mambrui upepo ukivuma shimo hunung'unika,
halisemi kitu cha kueleweka.
Jana nilifungua daftari, ukurasa mpya,
mwandiko wangu wa darasa la saba:

*Oili. Sufuria nane.
Hakikumwagika kitu.*